Mijohoro ya Nyuma ya Jiko

Watoto wa shule ile walimwita Mama Mwiko, na ukiwauliza jina alilopewa na wazazi wake walitazamana tu. Mwiko wenyewe ulikuwa wa mti mgumu, mrefu kumpita mtoto wa darasa la kwanza, na alikuwa ameushika tangu enzi za wakuu wa shule ambao sasa wengine wamestaafu na wengine wamezikwa. Alikuwa mpishi mkuu wa bweni. Jiko lake lilikuwa banda la bati lenye mafiga makubwa ya mawe, masufuria ambayo mtu mzima angeweza kuogea ndani, na masizi yaliyoganda juu mpaka mijusi wa mle walikuwa weusi ti.

Kila alfajiri aliwasha kuni, akakohoa, akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akakoroga. Watoto walipojipanga na vikombe vyao, kila mmoja alipata uji wake na utani wake. "Wewe mwembamba, shika kikombe kwa mikono miwili, upepo usije ukakuchukua." "Na wewe unayerudi mara ya pili ukidhani sikuoni, nimekuona. Lete hapa." Alikuwa na maneno makali na mkono mkunjufu wa kupakua, na watoto, ambao si wajinga, waliangalia mkono zaidi ya maneno.

Mumewe alifariki mapema. Wanawe wakubwa walikwisha shika njia zao, akabaki na kitinda mimba wake, binti ambaye kila mtu alimwita Kitinda. Waliishi wawili katika nyumba ya watumishi, vyumba viwili nyuma ya shule, na Kitinda alisoma palepale kwa sababu watoto wa wafanyakazi hawakudaiwa ada. Kwa hiyo ule mwiko haukuwa kazi tu. Ndio uliokuwa paa lao, na ndio uliokuwa dawati la mtoto.

Kitinda alikuwa kiongozi wa Chama cha Wapenda Miti. Siku za mapumziko wanachama walipanda kilimani, nyuma ya shule, kwenye msitu mdogo ambao ndio uliotoa kuni zote za jiko. Huko walikaa kimya kusikiliza majani, walikumbatia mashina, wakatunga mashairi. Mama Mwiko aliwasimulia wapishi wenzake huku akicheka, ingawa kicheko hakikufika mbali. "Mwanangu anakumbatia mti. Mimi nikitaka anikumbatie, ananiambia nanuka moshi."

Basi ikafika Siku ya Miti. Wageni walikuja na magari na kamera, wakakalishwa chini ya turubai. Wapishi waliitwa kupeleka chai, na chai yenyewe, usiniulize zaidi, ilikuwa imechemshwa kwa kuni. Mama Mwiko alibaki nyuma ya viti, birika mkononi, kumsikiliza binti yake akighani:

"Mti ni mama yangu, kivuli chake nguo yangu.
Aushikiaye shoka, kamshikia mama yangu.
Auchomaye mti, kamchoma mama yangu."

Makofi yalikuwa mengi. Mgeni mmoja alijifuta machozi. Baadhi ya watoto, wale watukutu wa nyuma, waligeuka kumtazama mpishi wao, kisha wakainama kuficha vicheko. Mama Mwiko alihisi uso unamwaka kuliko siku zote alizosimama mbele ya mafiga.

Halafu akasimama Mkuu wa shule, mama mmoja mpole aliyependa sana kusifiwa na wageni, akatangaza. Kuanzia muhula ujao jiko halitapokea hata kijiti kutoka kilimani. Wageni wameleta majiko ya jua, masanduku yenye vioo, na shule itapika kwa jua. Kibao kilifunuliwa getini: HAPA HATUCHOMI MTI. Watu wakapiga makofi tena, na mgeni aliyelia akaomba kikombe cha pili cha chai.

Jioni ile Kitinda aliingia nyumbani akiwa bado na shada la maua shingoni. "Mama, ulinisikia?"

"Nilikusikia. Hata waliolala makaburini walikusikia."

"Ulilipenda shairi?"

Mama Mwiko alikuwa anapepeta mchele kwenye ungo. Hakuinua kichwa. "Auchomaye mti kamchoma mama yako. Sasa mimi ni yupi hapo, mwanangu? Mama anayechomwa, au mchomaji?"

"Mama, sikukusema wewe."

"Ulimsema nani? Shule nzima anayewasha moto ni mimi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na nguo zenyewe nakufulia mimi."

"Shairi ni lugha ya picha tu, mama."

"Basi siku nyingine nichoree picha nyingine." Akaendelea kupepeta. Makapi yaliruka mpaka kwenye maua ya shada, na Kitinda akaenda chumbani. Mama Mwiko aliumia, tusifiche. Aliumia kwa sababu ya wale watoto waliocheka, na aliumia zaidi kwa sababu shairi lilikuwa zuri.

Muhula ulipofunguliwa, yale masanduku yalipangwa uwanjani kama ng'ombe waliotoka kuogeshwa. Mkuu alimwita Mama Mwiko pembeni akamwambia kwa sauti ya chini, "Mama, najua utaona ni vigumu. Lakini nimekwisha toa neno mbele ya watu. Nikiona moshi wa kuni za kilimani, nitalazimika kutafuta mpishi mwingine. Usinifikishe huko."

"Sitakufikisha, Mkuu," alijibu. Na hakusema kwa kiburi. Alifikiria vyumba vyake viwili na dawati la Kitinda, na hata moto wa nyumbani akauzima.

Akajaribu, na alijaribu kwa moyo mmoja. Siku za jua kali masanduku yalichemsha chai ya walimu vizuri tu, na yai likiwekwa liliiva. Tatizo ni kwamba shule haikuwa ya walimu na mayai. Maharage ya bweni zima yaligawanywa vijisufuria vidogo vidogo, wapishi wakakimbizana na jua kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine kama kuku wanaofukuzwa. Wingu likipita, kila mtu aliangalia juu. Uji wa alfajiri ndio ulikuwa kichekesho kabisa, kwa sababu alfajiri, kama wageni wangeuliza, huwa hakuna jua. Watoto walipewa unga uliokorogwa kwa maji ya uvuguvugu yaliyobaki jana. Mchana walipewa maharage yanayolia kwenye meno kama changarawe.

Kaka yake Mama Mwiko alikuwa mlinzi wa shule hiyo hiyo, na Kitinda alimwita Mjomba, na baada ya muda shule nzima ikamwita Mjomba. Alikuwa mtu wa maneno. Alipita jikoni akaona mafiga yamepoa na paka amelala katikati yake, akatikisa kichwa. "Dada, ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Paka amepata chumba."

"Mwache alale. Angalau mmoja hapa ameshiba."

Watoto walianza kuumwa matumbo. Wengine walikuja kwenye dirisha la jiko wakasimama tu, bila kuomba kitu, na hilo ndilo lililomkondesha Mama Mwiko. Angeweza kuvumilia kelele za njaa. Ule utulivu wao hakuuweza.

Sasa, Chama cha Wapenda Miti kilikuwa na kitalu chao karibu na uzio wa nyuma, miche waliyoipanda Siku ya Miti, imezungushiwa fito nzuri na kibao kidogo cha USIGUSE. Jioni moja Mjomba aliona moshi mwembamba unatoka upande ule. Akanyata. Akakuta wanafunzi wamechuchumaa kuzunguka moto, wanachoma mahindi waliyopewa na mkulima jirani. Walikuwa wameng'oa zile fito za kitalu, wamezitia moto. Kibao cha USIGUSE kilikuwa kimekwisha nusu. Wengi walikimbia. Mmoja hakuwahi, kwa sababu alikuwa ameshika hindi kwa mikono miwili na hakutaka kuliacha.

Mjomba alimshika mkono akampeleka mpaka jikoni. "Dada! Nimekuletea mwizi wako. Usimpige usoni, maana uso wenyewe ni wako."

Alikuwa Kitinda. Midomo ilikuwa myeusi kwa masizi.

Mama Mwiko alikuwa na maneno tayari. Alikuwa ameyatunza tangu Siku ya Miti, ameyapanga, ameyanoa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, angemwambia, na mengine makali kuliko hayo. Akamtazama mtoto, akaona mifupa ya mabega imeanza kutokeza chini ya sare. Yale maneno yote akayaacha.

"Umeshiba?" aliuliza.

"Bado."

"Malizia hilo hindi basi. Mahindi yakipoa hayana maana."

Kitinda alikula akilia. Alipomaliza alijifuta mdomo, akasimama wima, na hapo Mama Mwiko akamwona alivyofanana na yeye mwenyewe alipokuwa msichana mkaidi. "Nimekula, mama, na nimechoma. Unaweza kunicheka. Lakini kabla hujanicheka, twende kilimani nikuonyeshe kitu."

"Kilimani kuna nini nisichokijua? Nimepikia kuni zake nusu ya maisha yangu."

"Umezipikia. Lini uliwahi kwenda?"

Hilo lilikuwa kweli. Kuni zililetwa na mkokoteni, yeye alizipokea mlangoni. Siku ya mapumziko walipanda, mama akitweta na kusimama kila baada ya muda kukohoa, binti akimngoja. Kitinda alimpeleka bondeni, ambako palikuwa na chemchemi iliyojaza tangi la shule. Mama Mwiko alipakumbuka. Alipoajiriwa, kabla ya mabomba, alichota maji pale, na maji yalimfika magotini. Sasa palikuwa na tope lenye nyayo za ndege, na ukijani kidogo pembeni. Juu yake, kuzunguka bonde lote, palikuwa na visiki.

Hakuhitaji kuelezwa. Kila mara mwenye mkokoteni alipokuja, yeye mwenyewe alimwambia: usiniletee hizi nyepesi, niletee zile za kule kwenye chemchemi, zile zinawaka na kukaa. Alijisifu nazo kwa wapishi wa shule nyingine. Alikaa kwenye kisiki kimoja, akaona aibu, aibu ya mtu mzima ambayo haina pa kujificha.

"Kumbe nilikuwa nawapikia watoto uji na kuwanyima maji," alisema.

Kitinda alichuchumaa karibu naye, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akaegemea goti la mama yake, moshi na yote.

"Ndiyo maana nasema tusiguse kabisa," alisema baadaye.

"Msitu huu tusiuguse, nakubali. Nimeona kwa macho yangu. Tumbo nalo tusiliguse?"

"Kuna aina ya jiko, mama. Mwalimu wa sayansi alituchorea. Limezibwa pande zote, lina bomba la kutolea moshi, linakula kuni kidogo sana. Hata magunzi yanatosha."

"Na kwa nini chama chenu hakikulijenga?"

Kitinda aliona haya. "Hatukulijali. Halikuwa na shairi ndani yake."

Mama Mwiko alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akashika kifua. Alipopata pumzi alikuwa amekwisha amua, na watu waliomfahamu watakwambia kwamba mama yule akiamua, ni heri uende ukaongee na mlima. "Tutalijenga. Na pale nyuma ya jiko, kwenye lile jalala, tutapanda mijohoro. Inakua upesi. Ikikua tutaikata, tutapikia. Halafu inachipua tena."

"Kupanda ili ukate?" Kitinda aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Mama, huo si upendo! Huo ni kama kufuga mtoto umle."

"Wewe nilikulea ili uondoke. Siku moja utafunga mzigo wako utaniacha na kuta hizi. Nilijua hivyo tangu ulipokuwa unanyonya, na nikakunyonyesha. Hebu niambie kwamba hapo hapakuwa na upendo."

Waliteremka bila kuafikiana. Lakini waliteremka wameshikana mikono, kwa sababu njia ilikuwa inateleza.

Kesho yake, wakati wa chakula cha mchana, Mama Mwiko alichota sahani moja ya maharage ya jua, akavua kanga ya masizi akajifunga safi, akaenda ofisini. Akaiweka sahani mbele ya Mkuu.

"Karibu chakula, Mkuu."

"Asante, mama, lakini nimekwisha—"

"Kijiko hiki hapa."

Mkuu alitazama sahani, akamtazama mpishi, akaona kwamba mpishi hana haraka ya kuondoka. Akatia kijiko mdomoni. Alitafuna. Alitafuna tena. Alimeza kwa shida, kama mtoto anayemeza kidonge, akanywa maji.

"Watoto wanakula hivi?"

"Wale waliobaki na meno."

Mkuu aliegemea kiti. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeona kibao chake getini kila asubuhi akakiamini. "Mama, nitafanyaje? Wageni wamepiga picha. Nimeahidi."

"Hukukosea kuahidi. Nimekwenda kilimani, nimeona, mimi ndiye niliyekosea. Kuni za kule sizitaki tena, hata ukinipa. Nataka matofali ya kile choo kilichobomoka, nataka ruhusa ya kuchoma magunzi, na nataka lile jalala nyuma ya jiko nipande miti."

"Miti! Hilo vizuri sana," Mkuu alichangamka.

"Ya kukatwa."

Uso wa Mkuu ukanywea. "Hapo hapana. Matofali chukua, magunzi chukua. Miti panda. Lakini ikishaota haikatwi. Kibao kiko getini."

Mama Mwiko aliokota sahani yake. "Miti haioti kwa siku moja, Mkuu. Inapokua, sisi tutakuwa tunaendelea kuongea."

Jiko lilijengwa na fundi mwashi, mtu mtaratibu, na mara ya kwanza liliharibika kwa kosa la Mama Mwiko mwenyewe. Kitinda alisema mdomo wa jiko uwe mdogo. Mama yake aliyezoea kusukuma magogo akakataa katakata. "Jiko lenye mdomo wa kuku litamlisha nani? Fundi, panua. Panua tena." Fundi, ambaye alijua anayempa chakula cha mchana ni nani, akapanua. Jiko likawa na mdomo kama pango. Lilikula magunzi ya juma zima kabla ya adhuhuri, likacheua moshi wote ndani, na maharage yalikuwa bado. Kitinda alisimama mlangoni, mikono nyuma. Hakusema neno, na kwa kutosema huko mama yake alimshukuru kimoyomoyo.

Mama Mwiko alichukua nyundo ya fundi akaubomoa mdomo ule yeye mwenyewe, vumbi likimjaa kichwani. "Jenga kama mtoto alivyosema," alimwambia fundi. "Na leo chakula utakula, lakini ukiniona nakosea siku nyingine, niambie kabla sijapoteza matofali."

Jiko la pili lilikuwa dogo la mdomo na kubwa la tumbo, na bomba lake lilitoka juu ya paa. Asubuhi ya kwanza Mama Mwiko aliwasha magunzi, akafunga kijilango, akatoka nje kuutazama moshi ukipanda mwembamba na kupotea. Aliporudi ndani, hewa ilikuwa safi kiasi kwamba alinusa uji wenyewe. Hakuwahi kujua kuwa uji una harufu.

"Unalia, Mama Mwiko?" mpishi mwenzake aliuliza.

"Ningejuaje? Miaka yote hii macho yangu yamelia bila kuniomba ruhusa."

Mijohoro nayo ilipandwa. Walisafisha jalala jioni baada ya jioni, Mama Mwiko, Mjomba na wapishi, wakizoa makopo, mabati yenye kutu na viatu visivyo na wenzake. Kitinda aliwatazama kwa mbali siku za kwanza. Siku moja akaja na jembe, akaanza kuchimba mashimo. Mjomba alitaka kumtania, dada yake akamkanyaga mguu.

Miti ilikua. Kitinda alipinga kukatwa kwake kila alipoipitia, na kila siku aliimwagilia maji yaliyooshea vyombo. Mmoja, ule uliokuwa karibu kabisa na mlango wa jiko, ulinyooka kuliko yote, na Mama Mwiko aligundua kwa nini ulipendelewa hivyo. Alfajiri moja alikuwa dirishani akikoroga, akamwona binti yake anapita kwenda darasani. Kitinda alisimama mbele ya mti ule, akaugusa shina.

"Shikamoo, mama," aliuambia mti.

"Marahaba!" Mama Mwiko aliitikia kutoka dirishani.

Kitinda aliruka, akakimbia huku akiziba uso, na wapishi walicheka mpaka uji wa sufuria moja ukashika chini. Lakini tangu siku ile ikawa ndiyo salamu yao. Mtoto huamkia mti, mama huitikia kutoka ndani, na hakuna aliyeona ajabu.

Mazungumzo na Mkuu hayakukoma pia. Kila muhula Mama Mwiko alikwenda ofisini kuuliza habari za miti yake, na kila muhula Mkuu alisema kibao kiko getini. Lakini hali ilianza kubana. Magunzi yalipungua, kwa sababu wakulima walianza kulishia ng'ombe. Mwenye mkokoteni akaonekana tena karibu na uzio, akinong'ona na mpishi mmoja kuhusu kuni za bei nzuri za kilimani. Mama Mwiko alimfukuza kwa mwiko, kisha akaenda ofisini bila kubadilisha kanga.

"Mkuu, tumefika njia panda. Ama nikate miti yangu, ama watu wakate ya kwenye chemchemi usiku wakati mimi na wewe tumelala. Chagua."

Mkuu aligeukia dirisha lililotazama getini. Nywele zake zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe. "Kile kibao," alisema, "nimeambiwa kimeliwa na mchwa. Kimeanguka juzi."

"Mchwa hawajui kusoma, Mkuu."

"Mimi najua. Na sitakirudisha. Kata, mama."

Wakati huo Kitinda alikuwa amemaliza shule na yuko mbali, chuoni, akisomea misitu. Mama yake alimpelekea ujumbe kupitia simu ya Mjomba: njoo, kuna kazi. Alikuja na mkoba mmoja, mrefu kuliko alivyoondoka, akamkuta mama yake amekonda, kifua kinapiga filimbi kila akivuta pumzi. Jiko jipya lilikuwa limekuja wakati moshi wa zamani umekwisha kula sehemu yake. Kitinda alitaka kulia. Mama Mwiko akamkabidhi shoka.

"Mimi sina nguvu tena. Mjomba wako atajikata vidole. Kata wewe."

Kitinda alipita katikati ya mijohoro, shoka begani. Aliupita wa kwanza, karibu na mlango, akaenda kusimama mbele ya ule wa pembeni, uliopinda. Mama Mwiko alikuwa ametoka nje akiegemea mwiko wake kama bakora.

"Siyo huo. Huo mwembamba, uache. Anza na huu."

"Huu hapana, mama."

"Ndio ulio tayari."

"Mama, huu ni wewe!" Alikuwa mtu mzima, msomi wa misitu, na alilia kama siku ile ya mahindi.

Mama Mwiko alisogea mpaka kwenye shina, akaliegemea, akapumua kidogo kidogo mpaka filimbi ikatulia. "Najua ni mimi. Ndiyo maana nakwambia uanze nao. Mimi nimekatwa kila alfajiri kwa ajili ya watoto hawa, na kila alfajiri nimechipua. Nani aliwahi kuniwekea kibao cha usiguse? Sikukitaka, mwanangu. Nilitaka tu nikatwe na mtu anayejua kukata nisikauke."

Wapishi walikuwa wamesimama mlangoni. Mjomba alikuwa na utani mdomoni, lakini aliumeza. Kitinda aliifuta mikono yake kwenye sketi. Aliligusa shina pale alipozoea kuligusa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ukate juu ya goti, uache pa kuchipulia. Na ukate mshazari, maji ya mvua yasikae."

Akakata. Pigo la kwanza lilikuwa dhaifu, la pili likaingia. Mama yake hakuondoka mpaka mti ulipolala, na mti ulipolala alikwenda mwenyewe akaanza kuukwanyua matawi.

Kuni mbichi hazipiki, kwa hiyo zilipangwa ukutani zikauke. Kitinda aliomba likizo yake yote aimalizie pale. Siku kuni zilipokuwa tayari, kisiki cha karibu na mlango kilikuwa kimetoa machipukizi, mengi, mekundu kidogo kwenye ncha, na kuku wa Mjomba walifukuzwa wasiyadonoe. Alfajiri ile Mama Mwiko hakuamka kwenda kuwasha. Alikaa kwenye kigoda mlangoni, amejifunika kanga mbili, akamtazama binti yake akiingiza kipande cha mjohoro kwenye mdomo mdogo wa jiko na kufunga kijilango. Moto ulishika. Bati la juu lilikuwa limesuguliwa siku nyingi zilizopita, na mijusi walikuwa wamerudia rangi yao.

Watoto walijipanga na vikombe. Walikuwa wengine kabisa, hakuna hata mmoja aliyewahi kula maharage ya jua. Wa kwanza kwenye mstari, mgeni aliyefika shuleni jana yake, alimtazama Kitinda, akamtazama bibi aliyekaa kwenye kigoda, asijue amwamkie nani.

"Mama Mwiko ni yupi?" aliuliza.

Yule wa kwenye kigoda alinyoosha kidole ndani, kwenye moto, kisha akaona mtoto hakuelewa, akakielekeza kwa binti yake.

"Yule pale. Shika kikombe kwa mikono miwili. Na wewe Kitinda, koroga, uji unashika chini."